Kitabu Kilichokuwa Kimya

Ramadhani ya 2019 nilikuwa na kitabu sokoni, na nilikuwa nimejisikia kweli kweli. Kitabu chenyewe hakikuwa na karatasi hata moja. Kilikuwa faili la PDF la kurasa 64, limewekwa DriveThruRPG, duka la mtandaoni la Marekani linalouza michezo ya kuigiza ya mezani. Kwa asiyeijua michezo hii: watu wanne watano hukaa pamoja, mmoja husimulia, wengine hujifanya wahusika wa ile hadithi, na penye mashaka hurushwa dado, hasa ile ya pande 20. Ni hadithi ya bibi, ila wajukuu wana ruhusa ya kumkatiza bibi. Binamu yangu alitujia nayo kutoka Toronto na mfuko wa dado, tukacheza barazani Mji wa Kale, Mombasa, hadi majirani wakadhani tumeanza kamari.

Mimi kazi yangu ilikuwa usanifu katika duka la uchapaji karibu na Digo Road: kadi za harusi, vitabu vya risiti, mabango ya wagombea. Usiku ndipo nilipoandika. Hadithi ilikuwa ya mji uliohamwa, mfano wa Gede, magofu ambayo kila mtoto wa pwani amepelekwa na shule akarudi na ndoto mbaya. Katikati ya mji pana kisima, na kisimani panaitwa majina ya watu. Niliandika kwa Kiingereza kwa sababu wanunuzi wako Marekani na Ulaya, lakini kwenye jina nilililinda neno moja: Kisima.

Hapo kwenye jina ndipo akili yangu yote ilipokwenda. Kanuni za toleo la tano la mchezo mashuhuri wa aina hii, Dungeons & Dragons zilifunguliwa kwa leseni Januari 2016, kwa hiyo mtu yeyote aliweza kuandika kisa kinachotumia kanuni zile na kukiuza. Ila leseni hiyo haikuruhusu kuliandika jina la mchezo wenyewe kwenye jalada. Watu wakawa wanaandika "5E", yaani toleo la tano, kwa kukonyezana, na mengine yote ni juu yako: uso wako, jina lako, rangi zako. Mtu aliyelelewa karibu na Biashara Street haambiwi mara mbili maana ya hilo. Kanga mbili za kitambaa kimoja na rangi moja, ile yenye jina linalouma huisha asubuhi, nyingine hulala dukani. Basi nikatumia wiki tatu kwenye nembo: mtungi wenye dado ndani. Kingo za kurasa nikazichora kama pindo la kanga, kila sura na pindo lake. Kuusoma upya mwandiko wenyewe nilitumia jioni moja.

Wiki ya kwanza ziliuzwa nakala 31. Bei ilikuwa dola 5, mwandishi anachukua asilimia 65, kwa hiyo hesabu ilikuwa dola mia na ushei, ambazo zingepita PayPal na kuingia M-Pesa. Tathmini tatu zilizotangulia zote zilisifu jalada. Nilianza kuipigia hesabu ile medali ya shaba. Duka hilo huvipa vitabu medali za madini, kuanzia shaba kupanda juu, kwa idadi ya nakala zilizouzwa. Kwa idadi tu, wala hakuna anayefungua kurasa kutazama ndani kuna nini. Hilo sikulitilia maanani wakati ule.

Barua ilikuja baada ya tarawehe. Mnunuzi mmoja wa Marekani, mwenye heshima zake. Alisema amekuwa akiendesha michezo hii mezani kwake kwa miaka mingi, na kwamba haoni. Wenzake wamemsimulia jalada, wamelisifu sana. Lakini yeye vitabu husomewa na kompyuta, na kitabu changu kompyuta yake haikipati. Je, kuna faili jingine? Kama halipo, hatadai pesa zake, alitaka tu nijue.

Nilidhani kompyuta yake ndiyo yenye tatizo. Wallahi, hilo ndilo lililonijia kwanza. Nikashusha NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa na Waaustralia wawili ambao wenyewe hawaoni, nikafungua kitabu changu. Sauti ikataja jina la faili. Kisha ikasema ukurasa ni mtupu. Nikaenda wa pili: mtupu. Nikabonyeza hadi sura ya tatu, yenye pindo nililolipenda kuliko yote, ile ya korosho. Mtupu.

Kosa nilijua ni lipi kabla sijafika mwisho wa kurasa. Dukani kwetu Ami, mwenye duka, ana amri moja: kazi haiendi mashineni kabla herufi hazijageuzwa michoro. Ana sababu zake. Ukipeleka faili na mashine ya mwenzako haina fonti yako, itatia fonti yake, na bibi harusi ataamka jina lake limeandikwa kama la dawa ya mbu. Ukizigeuza michoro, A si A tena, ni umbo tu, na haliwezi kubadilika. Kwa karatasi hiyo ni hekima. Kwa kitabu kitakachosomwa kwenye skrini ni kukiziba mdomo. Kompyuta haikuona herufi hata moja, iliona maumbo elfu na elfu. Wenye macho nao walikuwa wanaumia kimyakimya: hawawezi kutafuta neno, hawawezi kunakili jedwali, hakuna vialamisho vya kurukia sura, na faili ni megabaiti 186. Mtu aliyeko katikati ya mchezo, wachezaji wanamsubiri, anapekua kurasa 64 kwa kidole. Hawakusema. Walisifu jalada.

Kibaya zaidi, nilikuwa nimehifadhi faili la michoro juu ya faili la herufi. La asili halikuwepo tena. Nilichobaki nacho ni rasimu ya miezi miwili nyuma.

Nikampigia binamu Toronto, kwao ilikuwa mchana.

"Kaka, mrudishie pesa yake, umalize," akasema.

"Hajadai pesa."

"Basi ndiyo mbaya zaidi."

Usiku ule na minne iliyofuata nilikipanga upya kitabu kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, kwa sababu ile inaweza kutoa PDF yenye alama za ndani: hiki ni kichwa, hii ni aya, hili ni jedwali. Bila pindo. Safu mbili nikazifanya moja. Majedwali ya kurusha dado yalinitesa kuliko yote, maana niliyokuwa nimeyapanga yapendeze kwa jicho sauti iliyasoma kombokombo, namba ya mstari huu na jini la mstari ule. Kila nikimaliza sura naisikiliza. Kwenye saa tisa usiku mama akaja kupasha daku, akasimama mlangoni.

"Nani huyo mzungu unayezungumza naye usiku huu?"

"Ni kitabu changu, mama."

Akasikiliza kidogo. "Mbona anasema kisaima?"

Kisha nikafika kwenye nembo. Picha katika faili la namna hii hutakiwa maelezo mafupi, sentensi moja, ili asiyeona aambiwe kuna nini pale. Wiki tatu nilizotumia kwenye nembo ile, na sasa nimekaa mbele ya kisanduku kitupu naandika: mtungi. Nafuta. Mtungi wenye dado. Nafuta. Nembo ya mchapishaji. Mchapishaji ni mimi na laptopu yenye ufa. Mwishowe niliacha "Mtungi, na ndani yake dado ya pande 20", nikaenda kula daku, na hadi leo kila nikiiona ile nembo naiona ni mtungi wenye dado, basi.

Toleo la pili lilikuwa megabaiti 9, sura mbaya kama kitabu cha mitihani. Nililiweka pamoja na lile la mapambo, nikawapelekea wanunuzi wote 31 taarifa kwamba kuna faili jipya bila malipo, na sababu yake nikaieleza waziwazi. Mmoja alipunguza nyota, kutoka tano hadi nne. Sikumlaumu, ingawa usiku ule nilimlaumu.

Yule mnunuzi alinyamaza siku kumi. Sikukuu ilikuwa imepita, kaimati zimekwisha, nikaamini amekata tamaa. Kisha barua ikaja, ndefu. Hakusifu jalada. Alisema wachezaji wake wameteremka kisimani Jumamosi na wawili hawakurudi. Halafu akauliza: sura ya pili inasema ngazi za kisima ni 40, na sura ya nne inasema 14, na kwa kuwa wachezaji walikuwa wanazihesabu gizani ili wajue wamebakiza ngapi, ipi ni ipi?

Nikakumbuka. Nilizipunguza mwishoni kabisa, ndani ya lile faili nililolifuta mwenyewe, na kwenye rasimu ya zamani nilisahihisha mahali pamoja tu. Nikampigia binamu tena, sikungoja hata kupambazuke.

"Amekisoma," nikamwambia. "Amekisoma chote, mpaka ngazi amezihesabu."