Askofu Steere: paa la Mkunazini na Kiswahili cha Unguja

Edward Steere hakuwa fundi ujenzi. Alisomea sheria London, akawa padri, akafika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, baada ya misheni yao ya Kianglikana, UMCA, kukwama bonde la mto Shire kwa homa na vita. Soko la watumwa lilipofungwa Juni 1873, misheni ilipata kiwanja palepale Mkunazini, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo.

Kazi ilikuwa paa. Nyumba za Mji Mkongwe huwekewa boriti za mikoko, na boriti hizo hazivuki zaidi ya mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vya mji ule ni virefu na vyembamba. Kwa kanisa hazifai, na mbao laini zingeliwa na mchwa. Steere akaezeka kwa mawe ya matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji ya Portland, umbo la pipa lililopasuliwa kati, bila boriti. Watu walisema litaanguka, na hawakuwa wajinga: paa la namna hiyo halilemei ukuta kwa chini tu, huusukuma nje pia. Ukuta mwembamba hufunguka juu, na ufa hutambaa katikati ya paa. Lile bado lipo.

Nguzo za upande wa magharibi zimesimama kichwa chini. Mjini husimuliwa kwamba mafundi walizisimika Steere akiwa safarini.

Ila kazi yake inayotugusa kila siku ni lugha. Alikaa na Waunguja wakimsimulia hadithi, akazichapa 1870, Kiswahili ukurasa mmoja, Kiingereza ukurasa unaoutazama. Mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa 1844, alikuwa ameandika Kimvita, lahaja ya Mombasa: nti, ndia, mato. Steere akaandika nchi, njia, macho. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua lahaja ya kusanifisha, ulichukua Kiunguja. Washairi wa Mombasa wana haki ya kunung'unika, maana Kimvita kilikuwa na mshairi Muyaka kabla misheni hazijafika. Lakini misafara ilikuwa imekwisha kukifikisha Kiunguja Tabora na Ujiji, na vitabu vilikuwapo tayari.

Steere alifariki Agosti 1882. Kaburi lake liko nyuma ya altare, chini ya paa lile.