Msumeno nilioupata kwa ajili ya mianzi yangu

Kichaka cha mianzi alichopanda baba kando ya kijito, huku Kasulu, kilikuwa kimefungamana hata mbuzi hapenyi. Wateja ninao: wenye vichanja vya dagaa mwaloni Kibirizi, na watu wa kujenga uzio. Kwa panga, mimi na mpwa wangu tulikuwa tunatoa mianzi ishirini kwa siku, na visiki vilibaki vimechongoka kama mikuki. Kimoja kilimchoma mpwa unyayoni. Hapo nikasema basi, natafuta mashine.

Kwanza niliazima chenso kubwa ya petroli, ile ya kuangushia magogo. Meno yake yalidaka ganda la mwanzi, yakaupasua kutoka chini hadi usawa wa kifua, nyuzi zikajisokota kwenye mnyororo. Ganda la mwanzi lina silika, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga, kwa hiyo makali yaliisha upesi na nusu ya siku nilishika tupa. Tena baa ndefu, kile chuma kinachoshika mnyororo, haipenyi katikati ya kichaka, na mianzi iliyokomaa iko hukohuko.

Kigoma mjini nikaulizia kitu chembamba chenye meno madogo. Nilichukua msumeno wa betri ambao bledi yake huenda mbele na nyuma kama sindano ya cherehani. Bei yake ilikuwa karibu theluthi ya chenso ya petroli. Kabla ya kulipa nilizunguka maduka mengine kuona kama bledi zake zipo, kwa sababu mashine rahisi isiyo na bledi ni chuma tu. Zilikuwepo. Fedha iliyobaki nikanunulia betri ya pili na bledi za meno kama 10 kwa inchi. Zile za matawi mabichi, zenye meno mapana, huchana ganda.

Asubuhi ya kwanza nilipenyeza bledi kati ya mianzi miwili iliyobanana, nikakata juu kidogo tu ya kifundo cha kwanza. Unga mweupe ukamwagika, mwanzi ukasimama vilevile, umeshikwa na wenzake.

"Mjomba, umeshakatika huo?"

"Vuta uone."

Akauvuta, ukatoka mzima. Kisiki kilikuwa laini kama mdomo wa kikombe, ila kimezibwa na kifundo, kwa hiyo hakitatuama maji ya kuozesha shina na kuzalisha mbu.

Nakata mwanzoni mwa kiangazi, wanga ukiwa umepungua, maana bungua hufuata wanga. Nachagua iliyofikisha miaka 3 au zaidi: maganda makavu yanayofunika mwanzi mchanga yamepukutika, na unga mweupe unaoupaka ukiwa mchanga umefutika. Ulioinama naanza kuukata kidogo upande wa ndani wa mpindo, kisha namalizia wa nje. Ukianza nje unapasuka na kurusha kipande usoni.

Betri moja ikiwa kazini, nyingine iko nyumbani inachajiwa. Sasa tunatoa mianzi sitini kwa siku, na mpwa anavaa mabuti.