Kidole cha Ini

Somo: Ezekieli 21:18–23, Walawi 3:1–5

Wapendwa, mfalme wa Babeli amesimama njia panda. Njia moja yaenda Raba ya Waamoni, nyingine Yerusalemu. Anatikisa mishale, anauliza terafi, yaani sanamu za miungu ya nyumbani, anatazama maini. Hapo kwenye maini tusipite haraka, maana kwa Wababeli ilikuwa elimu kubwa. Mkusanyo wake mmoja ulijaza mabamba ya udongo yapata 100.

Mwaguzi aliitwa baru. Aliuliza swali la ndiyo au hapana mbele ya Shamash, mungu jua, na Adad, mungu wa tufani. Swali lilinong'onezwa sikioni mwa kondoo, kisha akachinjwa. Waliamini miungu huandika jibu tumboni mwake. Ini lilikaguliwa kwa utaratibu, kila sehemu kwa jina lake: "kituo", "njia", "lango la ikulu", kibofu cha nyongo, na "kidole", yaani kile kinyama kinachochomoza kwenye ini. Mapafu nayo yalitazamwa, na mizunguko ya utumbo ikahesabiwa. Upande wa kuume ulikuwa wa muulizaji, wa kushoto wa adui, hivyo tundu likionekana kushoto lilikuwa habari njema. (Someni mstari wa 22 mwone kura ya Yerusalemu iko mkono gani.) Alama mbaya zikizidi, anachinjwa kondoo mwingine, swali ni lile lile. Nasi tusiwacheke; jibu tusilolipenda huwa tunaliombea upya kwa maneno mengine.

Hofu ya kukosea ilikuwa kubwa. Katika maswali yaliyoandikwa kwa ajili ya Esar-hadoni mfalme wa Ashuru, karne ya 7 KK, mwaguzi anamsihi mungu asihesabu kama kondoo ana kasoro, kama nguo ya mwaguzi ni chafu, au kama ulimi umeteleza. Andiko jingine, linalosema kwa jina la Senakeribu baba yake, linaeleza jinsi alivyowatenga waaguzi makundi makundi wasisemezane. Mfalme mwenyewe hakuwaamini!

Haya hayakuwa mageni katika nchi ya Israeli. Vielelezo vya maini vya udongo vimefukuliwa Hazori, mji wa Wakanaani ambao baadaye ukawa wa Israeli. Basi tazameni Walawi 3:4. Mwenye kutoa sadaka anachinja ng'ombe, anaondoa figo mbili na kile Biblia yetu inachokiita "kitambi kilicho katika ini". Wafasiri wengi wanaona ndicho kile kidole cha Wababeli. Haambiwi akigeuze wala akipime. Kinateketezwa juu ya madhabahu pamoja na mafuta.

Na huko njia panda, ramli ilielekeza Yerusalemu, na mji ukaanguka mwaka 586 KK. Wenyeji waliiona ni ramli ya uongo, asema mstari wa 23. Lakini rudini mstari wa 19: Bwana anamwagiza Ezekieli aweke njia mbili ili upanga upite, kabla mfalme hajasimama pale akitazama ini.