Siku Moja Maishani Mwangu: Shilingi za Kila Siku na Kodi ya Miezi Sita

Mimi ni afisa wa uwandani katika shirika dogo la kijamii linalohudumia wakazi wa Chang'ombe ya Dodoma, ambayo wageni huichanganya na ile ya Dar es Salaam. Siku ninayoieleza hapa ni Jumatano, siku ambayo mojawapo ya vikundi tunavyovilea vya kuweka na kukopa hukutana, na kwa hiyo ndiyo siku yenye kazi nyingi kuliko zote za wiki.

Saa kumi na mbili asubuhi huwa nimeshafika Soko la Sabasaba. Sianzii ofisini kwa sababu akina mama tunaowahudumia hawapatikani majumbani baada ya jua kuchomoza. Wakati huo wananunua nyanya kwa tenga, wanagawana kwa ndoo na sado, kisha kila mmoja anaelekea kwenye meza au kona yake. Ninawaamkia kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, wanaitikia, halafu ninauliza mambo mawili tu: mzigo wa leo umenunuliwa kwa fedha ya nani, na jana kilibaki kiasi gani baada ya chakula. Jibu la swali la kwanza hunifahamisha mengi zaidi, kwa kuwa mama anayenunua kwa fedha yake mwenyewe anaweza kungoja bei ipande, ilhali anayenunua kwa fedha ya kukopa hana budi kuuza kabla ya jioni, hata kama ni kwa hasara, maana mwenye fedha atapita. Leo muuza nyanya mmoja amenijibu huku akipanga mafungu yake: "Mwanangu, nilichukua laki moja, narudisha laki na thelathini kwa mwezi, napeleka kila siku. Siku nisipouza, napeleka mtaji." Hiyo ndiyo mikopo ya kausha damu. Nimeacha kuwahubiria watu kwamba ni mibaya, kwani wao wanaijua kuliko mimi. Swali la maana ni kwa nini mtu mwenye akili timamu, anayejua hesabu yake yote, huichukua tena na tena.

Saa mbili niko ofisini, chumba kimoja chenye meza mbili na kabati la chuma, nikikamilisha taarifa ya robo mwaka. Kila taarifa tunayoiandika inalazimika kuanza na takwimu za umaskini, nami hutumia zile za Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18, uliobaini kwamba asilimia 26.4 ya Watanzania walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Vijijini ilikuwa asilimia 31.3, na mijini asilimia 15.8. Msomaji wa mbali akiziona namba hizo huamini kwamba mjini hali ni nafuu, na kwa kipimo hicho ni kweli, lakini mstari wenyewe ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani kama shilingi 1,640 kwa siku, na mtu wa mjini haishi kwa siku. Anapata kwa siku, lakini anadaiwa kwa mkupuo. Hapa maji hununuliwa kwa dumu, mkaa kwa kopo, unga kwa kilo, na hayo yote huenda sambamba na kipato cha kila siku. Chumba peke yake ndicho kinachodaiwa kwa miezi mitatu au sita, tena kabla ya kuingia.

Mambo haya yamekaza zaidi tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulifanyika mwaka 1973, lakini kwa miongo mingi mji ulikua taratibu. Hadhi ya jiji ilikuja Aprili 2018, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179 katika jiji. Watumishi, wanafunzi na mafundi wa ujenzi wote wanahitaji vyumba, na simlaumu mwenye nyumba anayepandisha kodi pale mpangaji mwenye mshahara anapogonga mlango. Ninachosema ni kwamba muuza mchicha anashindania chumba hicho hicho.

Saa nne na nusu ninawasindikiza wanakikundi watatu kwenye ofisi ya mtendaji wa mtaa. Halmashauri kwa mujibu wa sheria hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ukarejeshwa mwaka 2024, na tangu hapo shughuli yetu kubwa imekuwa makaratasi: katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao kilichoamua kuomba mkopo, akaunti ya benki, cheti cha usajili, barua ya utambulisho. Mtu anaweza kudhani kwamba kazi ya shirika la kupunguza umaskini ni kugawa kitu. Sisi hatugawi chochote. Tunakaa kwenye mabenchi na watu ambao wakifunga biashara kwa nusu siku ili kufuata muhuri wanapoteza chakula cha jioni, na tunajitahidi muhuri upatikane kwa safari moja badala ya nne. Leo mtendaji alikuwapo, barua ikatoka kabla ya adhuhuri, na akina mama wakarudi mezani kwao wakiwa na mchana mzima wa kuuza.

Saa saba kasoro ninapita kwa mjane mmoja muuza vitumbua, mwanachama wetu, ambaye mwenye nyumba wake anataka kodi ya miezi sita ifikapo mwisho wa mwezi. Chumba ni shilingi 50,000, kwa hiyo anadaiwa laki tatu. Tumekaa na daftari tukaigawa hesabu hiyo kwa siku, ikatoka kama shilingi 1,670, ambazo katika siku njema anazipata na kuzidi. Angekuwa ameziweka kando tangu mkataba uliopita, leo asingekuwa na wasiwasi. Lakini fedha iliyoko chini ya godoro ina wenyewe wengi, na kila mtoto anapougua au shule inapotaka sare, mkono huenda huko. Kiasi kinacholiwa na chumba kwa siku kinazidi kidogo kile ambacho utafiti ule ulimhesabia mtu mzima kuishi, ijapokuwa bei zimebadilika tangu wakati huo. Hapo ndipo mkopeshaji wa kausha damu anapoingia, kwa sababu yeye ndiye pekee mtaani anayeweza kumpa laki tatu leo na kuzipokea kwa vipande vya kila siku. Huduma anayoiuza inahitajika kweli. Bei yake ndiyo inayoua.

Chakula cha mchana ni ugali wa uwele na mlenda kwa mama lishe wa jirani, nacho hakina mengi ya kusimulia.

Kikao cha kikundi huanza saa tisa na nusu chini ya mwarobaini. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti, ili pasiwe na mtu anayeweza kulifungua peke yake. Kila mwanachama hununua kati ya hisa moja na tano, anachangia mfuko wa jamii wa kusaidiana katika ugonjwa na msiba, na aliyechelewa hutozwa faini mbele ya wote, kwa vicheko. Anayekopa haruhusiwi kuzidisha mara tatu ya akiba yake. Riba hubaki kwenye sanduku na hurudi kwao siku ya mgao, na hiyo ndiyo tofauti kubwa na ile laki na thelathini ya sokoni.

Mjadala mkali wa leo ulihusu kama waanzishe mfuko wa tatu, wa kodi peke yake, ambao mtu huweka kidogo kidogo na haruhusiwi kuutoa isipokuwa mkataba wa chumba unapofikia mwisho. Mama mmoja mwenye nyumba yake alipinga, akisema kwamba fedha zitalala bure wakati wenzake wanahitaji mtaji. Katibu akamjibu: "Mama yangu, wewe hufukuzwi. Sisi tukifukuzwa, hata mtaji wenyewe hauna pa kulala." Nilinyamaza, ingawa nilikuwa na maoni, kwa sababu mfuko uliopendekezwa na afisa hufa pale afisa anapohamishwa. Waliupigia kura, ukapita, na wakakubaliana kwamba mama mwenye nyumba halazimiki kuchangia.

Jioni nilisimama kidogo kwenye kijiwe cha bodaboda, ambako vijana wenye pikipiki za mkataba hupeleka hesabu kwa tajiri kila siku hadi chombo kiwe chao. Wawili waliuliza kama wanaweza kuunda kikundi. Niliwaeleza kuhusu usajili wa vikundi vya kifedha chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wakaahidi kuja ofisini na wenzao.

Saa mbili usiku nilimpigia simu mwenye nyumba wa yule mjane, mzee mstaafu. "Shikamoo mzee," nikamweleza shida. Alisikiliza hadi mwisho, akasema kwamba naye hutegemea kodi hiyo kulipa fundi kwa mkupuo, ndiyo maana anataka ya miezi sita. Baada ya mazungumzo marefu alikubali kupokea ya miezi mitatu sasa na iliyobaki baadaye, kwa sharti kwamba mweka hazina wa kikundi asaini kama shahidi. Nimemwandikia mweka hazina ujumbe. Anataka kwanza kuuona mkataba.