Kitambulisho kimetoka, ila kazi bado
Jamani, kitambulisho cha ulemavu cha mwanangu kimetoka! Ana mtindio wa ubongo. Siku ya kupimwa alinilalia begani, daktari mmoja akimkunjua kidole gumba kilichojificha ndani ya ngumi, mwingine akijaza fomu bila kuinua macho. Foleni yenyewe tusiiongelee.

Sasa wazazi wenzangu hapa Kenya, hapa ndipo wengi tunachanganya mambo. Kitambulisho hiki cha Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hakikuingizi moja kwa moja Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kuwapa wasiojiweza pesa za kujikimu. Zile shilingi 2,000 kwa mwezi ni za mwenye ulemavu mkubwa, anayehitaji kutunzwa saa zote, na nyumba yenyewe iwe haina uwezo. Mlezi ndiye huzipokea kwa niaba yake. Unaanzia kwa chifu na afisa wa ustawi wa jamii, nao huandikisha nafasi zikifunguliwa. Kwangu hizo ni nepi tu, tena hazimalizi mwezi, lakini siachi. Mlemavu aliyeajiriwa naye aulizie msamaha wa kodi: shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hazikatwi.

Kesho nipo kwa chifu. Jirani mwenye kijana wa kiti cha magurudumu, nipitie saa mbili twende.