Likizo yetu ndani ya kisima cha bibi, Newala

Watu wawili watatu ninaowaheshimu walinishauri kwamba sisi wanafunzi wa chuo, tukitaka kujitolea likizo, tukusanye nguo, tununue biskuti, twende kijijini tukagawe na kuimba. Ushauri ule uliniudhi, na unaniudhi mpaka leo. Mimi nimekulia Newala, mkoani Mtwara, kusini mwa Tanzania. Huku juu ya uwanda wa Makonde hakuna mto. Mvua ikinyesha ardhi inaimeza yote. Watu wanaishi kwa maji ya mvua yanayotoka kwenye bati: gata, bomba, na kisima cha saruji kilichochimbwa uani. Kisima kikivuja, ikifika mwezi wa nane unanunua maji kwa ndoo.

Tulikuwa saba wa umoja wa wanafunzi Wakristo, wote watoto wa huku huku. Mzee wetu wa kanisa akatupeleka kwa jirani yake, bibi Mwislamu ambaye kisima chake zamani kilikuwa kinanywesha karibu mtaa mzima.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Kisima changu siku hizi kinakunywa maji kabla yangu."

Tulichanga wenyewe, mifuko mitatu ya saruji na vikorokoro vingine, kama laki moja hivi. Ngazi ndefu tuliazimwa msikitini. Ijumaa tulisimama kabla ya adhuhuri, Jumapili hatukugusa kazi.

Mara ya kwanza tuliharibu. Fundi mmoja wa mtaani alituambia nyufa zile ni za kupaka tu, tukachota mchanga mwekundu kando ya barabara, tukapaka siku mbili, tukafurahi. Siku ya nne nikashuka na tochi. Plasta ilikuwa imepasuka kama udongo wa jaruba lililokauka, na nilipoigusa ikabanduka kipande kikubwa kama sahani. Nilikaa chini mle kisimani nikalia. Mfuko mzima na nusu, fedha ya watoto wenzangu, umekwenda.

Aliyetuokoa ni babu aliyewahi kujenga visima vya namna hii ujana wake wote. Hakutugombeza. Aliomba chupa ya maji tupu, akatia mchanga wetu hadi nusu, akajaza maji, akatikisa, akaiweka kivulini. Baada ya saa kadhaa mchanga ulikuwa umetuama chini na juu yake tope jekundu nene vidole viwili. "Mlipaka tope," akasema. Tukaagiza mchanga wa bondeni upande wa mto Ruvuma, tukaupima kwenye chupa ileile: tope lilikuwa kama uzi. Ndipo tukachekecha.

Ufa nao haupakwi juu juu. Tuliuchimba kwa patasi mpaka ukawa na mdomo mpana, tukasugua vumbi, tukalowesha, tukaziba kwa ndoo moja ya saruji kwa tatu za mchanga, kisha niru, yaani uji wa saruji tupu wa kulainisha juu. Kabla ya kushuka tulikuwa tunaacha mfuniko wazi usiku kucha, na aliye chini lazima afungwe kamba kiunoni, na wawili wawe juu. Hewa ya shimo lililofungwa inaua. Kwa hilo sikubembelezana na mtu.

Shida ikabaki moja: plasta inataka kumwagiliwa siku saba, na sisi tuko mahali maji yananunuliwa. Wazo hili lilitoka kwa mwenzetu wa kike anayesomea ualimu, na bado nalionea fahari. Tulitundika magunia ya korosho kuta zote, tukayalowesha kutoka juu asubuhi na jioni, tukafunika mfuniko ili unyevu usitoke. Ndoo mbili kwa siku zilitosha. Siku za kupaka, bibi alituletea ming'oko ya kuchemsha, mizizi ya porini ya huku kwetu, kila jioni, akikaa mdomoni mwa kisima kutuhesabu tunavyopanda.

Tulirudi chuoni kisima kikiwa kikavu, kwa hiyo hatukujua kama bado kinavuja. Nilimwomba mjukuu wake achore mstari wa mkaa ukutani, pale maji ya mvua ya kwanza yatakapofikia, na asiguse ndoo siku tatu.

Desemba, usiku, simu ikalia. Nilisikia mvua kwenye bati kabla ya sauti ya bibi.

"Mwanangu, leo siku ya tatu. Mkaa umelowa, maji yapo palepale."