Jiwe la Juu la Kusagia

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Wiki hii nimeshindwa kuupita mstari mmoja wa Kumbukumbu la Torati, 24:6. Unakataza kumchukulia mtu jiwe lake la kusagia kuwa rehani, hata lile la juu peke yake, kwa kuwa anayelichukua amechukua uhai wa mtu. Umenikalia moyoni kwa sababu kila ibada tunaomba Bwana awainue watu wetu kutoka kwenye umaskini, tunaombea kazi, tunaombea biashara, na bado zipo familia zinazoporomoka mbele ya macho yetu, zikiwa zimeketi nasi kanisani, na hatuoni zimeangukia wapi. Mstari huu unatuonyesha mahali penyewe.

Kitazameni kifaa. Jiwe la chini ni zito, limekaa mahali pake. La juu ni dogo; mtu alilishika kwa mikono miwili, akalisukuma mbele na nyuma juu ya nafaka. Mwanamke wa Thebesi aliweza kulitupa kutoka juu ya mnara likampasua Abimeleki kichwa (Waamuzi 9:53). Kwa hiyo mdai akiingia nyumbani, hilo ndilo linalobebeka. Likishaondoka, la chini halina kazi tena. Nafaka inaweza kuwamo ndani na watoto wakalala bila mkate, maana nyumba zile zilisaga unga wa kutumia siku hiyo. Na mdai hakupata kitu kikubwa, jiwe moja tu. Hasara ya mwenye nalo ndiyo iliyokuwa kubwa mno. Ndipo Mungu akaweka mpaka: deni lidaiwe, lakini kisiguswe kile kinachomwezesha mdaiwa kula, na kulipa.

Jiwe la juu la leo ni cherehani ya fundi, randa na msumeno wa seremala, baiskeli ya msambazaji, mbegu iliyowekwa kwa msimu ujao, ng'ombe anayekamuliwa. Ni pia ule mtaji mdogo wa kununulia bidhaa za kesho. Huo hatuuhesabu kuwa kifaa kwa sababu ni fedha, na fedha tunaona ni ya kutumika tu.

Someni Mwanzo 47:13-21 taratibu mwone watu wa Misri wanavyoshuka wakati wa njaa. Kwanza fedha zikaisha. Kisha wakatoa farasi, kondoo, ng'ombe na punda. Kisha ardhi, na mwisho wao wenyewe. Nyumba iliyopatwa na ugonjwa au msiba hushuka kwa ngazi hizo hizo: akiba, vitu vya ndani, mifugo, zana ya kazi, ardhi, na watoto kuachishwa shule. Ngazi ya zana ndiyo ya kuogopwa. Familia iliyomaliza akiba lakini cherehani ipo, mgonjwa akipona maisha yanarudi. Cherehani ikishauzwa, mgonjwa anapona ila kipato hakirudi. Fundi anashona kwa mashine ya kukodi, faida inakwenda kwa mwenye mashine, na hakibaki cha kuweka akiba anunue yake. Tena aliuza kwa haraka, maana yake kwa bei ya kutupa. Ukame unapowapiga wote, wote wanapeleka mifugo sokoni kwa wakati mmoja na bei inaanguka siku hiyo hiyo wanapohitaji iwe juu.

Mtafiti Anirudh Krishna aliziuliza jamii za India, Kenya, Uganda na Peru habari za kaya moja moja: nani aliingia kwenye umaskini, nani alitoka, na kwa sababu gani. Ugonjwa na gharama za matibabu ndivyo vilivyotajwa zaidi na walioanguka. Ulevi na uvivu vilihusu kaya chache. La pili alilolionyesha ni kwamba katika kijiji kimoja, miaka ile ile, wengine wanapanda na wengine wanashuka, na sababu za kupanda si zile za kushuka. Nasi kanisani tunashughulika na kupanda tu. Semina za ujasiriamali tunazo. Shemasi wa kumzuia mtu asiuze cherehani usiku wa msiba, hatuna.

Kuhusu uvivu, Neno halikwepi. Mithali 6 inamtuma mvivu kwa chungu, na Paulo anasema asiyetaka kufanya kazi asile (2 Wathesalonike 3:10). Asiyetaka. Lakini Mithali 13:23 inasema shamba la maskini linaweza kutoa chakula tele na bado mtu akaangamia kwa sababu ya dhuluma. Anayehubiri sura ya 6 bila ya 13 amewapiga watu walioamka kabla yake.

Sasa deni, kwa kuwa ndilo linalokuja kulichukua lile jiwe. Mkopo wa 100 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi unasikika mdogo. Anayelipa riba tu kila mwezi, yaani 20, baada ya miezi 5 amekwisha kutoa 100 na bado anadaiwa 100. Baada ya mwaka ametoa 240, na deni lile lile lipo. Asiyelipa kabisa, riba ikawa inaongezwa juu ya deni, mwaka ukiisha anadaiwa karibu 892. Ipo na namna nyingine isiyoonekana upesi. Mkopo wa 1,200 unaorejeshwa 100 kila mwezi kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi: riba ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, mwaka mzima ni 156. Ikihesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo hadi mwezi wa mwisho, ni 288. Asilimia ni ile ile, gharama inakaribia mara mbili. Kabla mpendwa hajatia sahihi, aulize swali moja: mwezi wa kumi na mbili nitatozwa riba juu ya kiasi gani?

Mashemasi, mkifika kwa aliyezidiwa na madeni, msianze na mahubiri. Nabii Elisha alimuuliza mjane aliyekuwa na deni ana nini nyumbani (2 Wafalme 4:2). Kaeni naye na daftari. Andikeni kila deni: anayedai, kiasi kilichobaki, riba kwa mwezi, kilichowekwa rehani, tarehe ya mwisho. Watu wengi walio kwenye madeni hawajawahi kuyaona yote kwenye ukurasa mmoja, na aibu huwafanya waache moja bila kulitaja, mara nyingi lile baya kuliko yote. Ulizeni tena kabla ya kufunga daftari. Deni lililoshika zana ya kazi linakuja kwanza, kisha lenye riba kubwa kuliko mengine. Wawili kati yenu waende pamoja naye kwa mdai kuomba riba isimamishwe na kilichobaki kigawanywe kwa miezi. Wadai wengi hukubali wakiona mashahidi na tarehe. Kanisa likisaidia, limlipe mdai moja kwa moja na kuchukua hati ya kumaliza deni. Fedha taslimu mkononi mwa mtu anayedaiwa na watano humalizwa na yule anayepiga kelele zaidi, siyo yule aliyeshika cherehani. Na kumbukeni mjane yule aliambiwa auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichosalia. Kilisalia kitu. Mpango wa kulipa usioacha cha kula utavunjika mapema, naye atakopa tena.

Ili mtu asifike huko, kikundi cha kuweka na kukopa kinasaidia sana. Mfumo wake ulianza Niger mwaka 1991 kwa wanawake wa vijijini, kupitia shirika la CARE. Watu 15 hadi 25 wanaojuana, kila mkutano mtu ananunua hisa 1 hadi 5, yaani vipande vya akiba vya bei moja, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, wala si kwa mtunza sanduku, mkopo hauzidi mara tatu ya akiba ya mtu, na baada ya miezi 9 hadi 12 wanagawana fedha zote na kuanza upya. Vinavyoviua vikundi vinajulikana: bei ya hisa kupangwa kwa uwezo wa wenye nacho, mikopo kutolewa hadi mwezi wa mwisho ikashindwa kurudi kabla ya mgao, fedha za wafadhili kuingizwa mapema watu wakaacha kudaiana kwa kuwa si jasho lao, na kiongozi wa kanisa kukopa halafu pasiwe na anayethubutu kumdai. Mtumishi, kama unakopa, lipa wa kwanza.

Ndani ya kikundi, mimi naangalia kwanza mfuko wa jamii. Ni mchango mdogo, sawa kwa wote, unaowekwa kando ya hisa kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Usiukopeshe kwa biashara hata ukionekana umelala tu. Huo ndio unaolinda jiwe la juu saa nane usiku mtoto anapopelekwa hospitali. Wengine wanasita kuhusu riba ya kikundi. Pale inarudi kwa wanachama wote, lakini aliyekopa kwa sababu ya mgonjwa asitozwe. Walawi 25:35-37 inamhusu hasa ndugu aliyeanguka.

Wapendwa, hapa lazima niseme jambo zito, na nalisema kwa upendo. Mdai mwenye kuchukua jiwe la juu mara nyingi ni sisi.

Kumbukumbu sura hiyo hiyo, mistari ya 14 na 15, inaamuru mfanyakazi maskini alipwe siku ile ile kabla jua halijatua, kwa kuwa ameutumainia ujira huo. Walawi 19:13 inakataza ujira kulala kwako hadi asubuhi. Yakobo anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na kelele zimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi (Yakobo 5:4). Unamchelewesha anayekulindia nyumba, anayekulelea watoto, kibarua aliyejenga ukuta wako. Yeye hawezi kuchelewesha kula. Anakwenda kukopa kwa ile asilimia 20. Kwa hiyo wewe umekopa kwake bila riba, naye anakopa kwa riba ili akukopeshe wewe. Kisha Jumapili unanyanyua mikono. Ndugu yangu, mlipe kwanza, halafu nyanyua.

Na wanaokopa bidhaa kwa mpendwa mwenye biashara ndogo, halafu wanamwambia Bwana atakubariki. Piga hesabu yake. Ana mtaji wa 1,000 unaompa faida ya 100 kila mzunguko, na hiyo 100 ndiyo inayolisha nyumba. Ninyi watatu mmechukua bidhaa za 300. Amebaki na 700 inayozaa 70, nyumba bado inahitaji 100, anakula 30 ya mtaji. Mzunguko unaofuata 670 inazaa 67, anakula 33, anabaki na 637. Anashuka kila mara bila kosa lolote, na mkimwona amefunga duka mtasema hakuwa na nidhamu ya fedha. Mlipeni wiki hii. Aliyepungukiwa aende amwambie atalipa lini na kiasi gani, asijifiche kwenye viti vya nyuma.

Nasi tunaosimama madhabahuni tusijitoe. Tunapomshawishi mtu atoe ahadi ya fedha asiyo nayo, akaenda kukopa aje atoe, tumeuchukua mtaji wake kwa jina la Mungu. Tunapenda kuhubiri senti mbili za yule mjane. Tuanze kusoma mistari miwili nyuma, Marko 12:40, Yesu anapowakemea wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Tunaitazama sadaka ya mjane na kuona imani. Tujiulize pia nani alimwachia senti mbili tu. Mtu aliye kwenye deni la riba akija na bahasha kubwa kuliko kawaida, muulize fedha imetoka wapi kabla hujaipokea.

Wiki hii tusome Nehemia 5 nyumbani, sura nzima. Watu wamewekea rehani mashamba, mizabibu na nyumba wapate nafaka. Wengine wamekopa kwa ajili ya kodi ya mfalme. Watoto wao wanakwenda utumwani kwa ndugu zao wenyewe. Nehemia anakasirika, kisha anatafakari moyoni kabla ya kusema. Anakiri kwamba yeye na nduguze nao wanakopesha. Anataka vyote virudishwe siku ile ile, pamoja na ile riba ya sehemu moja ya mia waliyokuwa wakitoza ya fedha, nafaka, divai na mafuta, anawaita makuhani na kuwaapisha waliokubali. Msiishie mstari wa 13. Kuanzia wa 14 anaeleza kwamba kwa miaka 12 ya uliwali wake yeye na nduguze hawakula posho ya liwali, ingawa waliomtangulia walitoza chakula, divai na shekeli 40 za fedha. Mezani kwake kila siku palihitajika ng'ombe mmoja na kondoo sita, na bado hakudai posho ile, kwa kuwa watu wale walikuwa wamelemewa.